Gundi yenye kupanda kati ya vumbi

Mwaka jana mseminari mmoja alituuliza hivi: «Padri, kama unga wa jiwe unatia nguvu katika plastiki, mbona wasitie mwingi, wakoroge kwa nguvu zote?» Siku ile hatukujibu vizuri. Tujibu leo.

Watazame kwanza ganda la kombe. Utando wake wa ndani, ule unaong'aa, ni chokaa karibu sehemu 95 kwa 100. Inayobaki ni gundi ya mnyama mwenyewe. Chokaa peke yake huvunjika upesi, lakini ganda lile ni shida kulivunja. Basi mafundi wa leo wanataka vivyo hivyo: chembe nyingi, gundi kidogo. Chembe zenyewe ni za silisi, ndogo kupita akili: chembe za nanometri 20, ukizipanga 50,000 katika mstari mmoja, ndipo unapata milimetri moja.

Kukoroga hakufai. Kila mpishi wa bugali ajua: ukizidisha unga, mwiko unakwama, na ndani yake yanabaki madonge yenye unga mkavu. Chembe ndogo namna hii hushikamana zenyewe kwa zenyewe, na plastiki iliyoyeyuka ni nzito kuliko asali. Ukizidisha nguvu, unachosha mkono tu.

Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, profesa Daeyeon Lee na wenzake walieleza mwaka 2015 njia nyingine. Hawakorogi hata kidogo. Kwanza wanatandaza plastiki nyembamba, tuseme polistireni, juu ya kibao laini. Juu yake wanamwaga chembe zilizo katika maji, wanazungusha kibao mbio, maji yanakauka, chembe zinabaki zimesongamana. Kisha wanatia moto kupita digri 100 hivi, ambapo polistireni inaanza kulegea. Hapo plastiki inapanda yenyewe katika nafasi zilizo kati ya chembe, kama petroli inavyopanda katika utambi wa taa.

Sisi tulijaribu kwa vipande vya mishumaa na mchanga laini ndani ya mkebe. Mara ya kwanza mchanga ulikuwa na unyevu, nta ikakataa. Mara ya pili tuliukausha juani, nta ikapanda, na kipande kilipopoa hakikuvunjika mikononi.

Kipimo ndicho jambo kubwa. Viduara vilivyomwagwa ovyo na kusongamana hujaza karibu sehemu 64 kwa 100 za mahali. 36 ni tupu. Kwa hiyo tabaka la chembe lenye unene wa nanometri 300 lataka plastiki ya nanometri 108. Ikipungua, matundu yanabaki. Ikizidi, plastiki tupu inabaki chini.

Tena kupanda kwake hakuendi mwendo mmoja. Lucas mwaka 1918 na Washburn mwaka 1921 walionyesha kanuni: kupanda mara mbili kwataka wakati mara nne. Na mnyororo mrefu wa plastiki, ukipita katika tundu jembamba hivi, unakawia kuliko mahali pa wazi, lazima kungojea.

Utando unaotoka ni mgumu kuliko tabaka la chembe tupu, wala haukwaruziki upesi kama lile. Mseminari yule sasa anauliza kama njia hii yafaa kwa utando wenye unene wa milimetri nzima. Ahesabu mwenyewe kwa kanuni ya Washburn, ataona saa zinavyoongezeka.