Kokoto Zilizorudi Kazini

Haya wajukuu, sogeeni niwasimulie habari za kifusi.

Mwaka 2017 tingatinga zilipita kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, jirani na sisi wa Mkuza. Nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Mabati yaliezuliwa, nondo zikaokotwa upesi maana chuma chakavu kina bei. Kifusi je, nani akitake?

Kioja ni kwamba ukijenga upya, kokoto unaagiza Lugoba, huko mbele ya Chalinze. Mlima unapasuliwa, lori linakunywa dizeli njia nzima, nawe umezungukwa na mawe yaliyokwisha kupondwa zamani.

Tena kifusi kilikuwa kimeshajaribiwa kabla ya bomoabomoa hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na wenzao wa Eindhoven, Uholanzi, walikusanya sampuli 8 za kifusi. Wakaziponda, wakazichekecha, wakafyatua tofali za zege kwa mashine ya mkono bila kutia hata kokoto moja mpya. Zilipotimiza siku 28 wakazipima nguvu maabara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: zilizidiwa na tofali za kokoto mpya, lakini 85 katika kila 100 zilifikia nyutoni 7 kwa milimita moja ya mraba, kiwango kinachotakiwa Tanzania kwa ukuta wa kubeba mzigo. Si haba!

Udhaifu unatoka wapi? Kokoto ya kifusi imegandwa na saruji ya zamani yenye vitundu vidogo vidogo, nayo hufyonza maji kama mkate mkavu kwenye chai. Ndiyo maana fundi makini huzilowesha kwanza, ndipo achanganye.

Fundi mvivu atasema, “Ongeza saruji tu.” Hapo ameharibu hesabu. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa hewa ukaa, mbali na moshi wa tanuri. Katika zege, mzigo mkubwa wa hewa ukaa unatoka kwenye saruji, si kwenye kokoto. Faida ya dizeli uliyookoa itamezwa na mifuko ya ziada.

Basi kokoto hizi zipelekwe zinakofaa: tofali, jamvi la sakafu, njia ya uani. Nguzo za ghorofa aamue mhandisi aliyezipima kokoto hizo. Nanyi mkiona nyumba inabomolewa, waambieni wazazi kifusi kisichanganywe na udongo, mbao wala plastiki, kwani kikichafuka hakuna atakayekiponda.