Gereza linajaa watu wasiohukumiwa: familia zinaweza kufanya nini?

Asubuhi mapema, mbele ya mlango wa gereza, picha ni ile ile kila siku. Wamama wamesimama kwa mstari, kila mmoja na sahani ya fufu imefungwa ndani ya kitambaa. Uliza mmoja wao: "Mtoto wako walimukatia miaka ngapi?" Mara mingi atajibu: "Hawajamuhukumu bado. Tunangojea tu."

Huko kungojea njo sababu kubwa ya magereza yetu kujaa. Tufafanue vile inafanyika, na vile watu wa kawaida wanaweza kujipanga juu ya kuipunguza.

Makala ilituonyesha nini?

Gereza kuu la Makala, kule Kinshasa, lilijengwa mwaka 1957 kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, na wengi wao walikuwa mahabusu, ni kusema watu ambao mahakama haijawakatia hukumu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, wafungwa walijaribu kutoroka. Serikali ilitangaza kwamba watu 129 walikufa: 24 kwa risasi, wengine wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa. Shirika la Umoja wa Mataifa linalohusika na afya ya uzazi lilisema kwamba kati ya wanawake 348 waliokuwa mule, wengi walifanyiwa ukatili wa kingono usiku ule.

Nyuma ya hapo, serikali iliachilia wagonjwa zaidi ya elfu moja. Ni vizuri, lakini ni sawa na kutoa maji ndani ya mtumbwi wenye tundu. Kama tundu halizibwi, maji yatarudi. Na tundu lenyewe liko mbali na mlango wa gereza: liko ku kasho ya polisi na ku parke, pale dosie inalala.

Hesabu tatu za siku ambazo kila familia inapaswa kujua

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru njo kawaida, na kufunga mtu ni jambo la pekee. Sheria imeweka mipaka ya siku.

Ya kwanza: saa 48. Kifungu cha 18 kinakataza polisi kubakisha mtu ku kasho kupita saa 48. Kisha hapo wamuachilie ao wamupeleke mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Tena, tangu anakamatwa, anapaswa kuelezwa sababu kwa luga anayoisikia, na ako na haki ya kujulisha familia ao avoka wake.

Ya pili: siku tano. Majistra wa parke akitoa karatasi ya kumufunga kwa muda, mtu anapaswa kufikishwa mbele ya jaji ndani ya siku tano, kama jaji ako pale pale mjini.

Ya tatu: siku 15, kisha mwezi kwa mwezi. Jaji akikubali mtu abaki ndani, ruhusa yake ya kwanza ni ya siku 15. Kila mara inapoisha, jaji anaweza kuongeza mwezi mmoja. Lakini kwa makosa ambayo azabu yake ni miezi sita ao zaidi, hawezi kuongeza zaidi ya mara tatu mufululizo. Kupita hapo, jambo lazima liamuliwe mbele ya watu wote, ku kikao cha wazi cha mahakama.

Sasa tatizo liko wapi? Siku zinaisha na hakuna mtu anayezihesabu. Majistra ni wachache, dosie inapotea, jaji anahamishwa, gari ya kupeleka mahabusu mahakamani haina mafuta. Na mtu mwenye kuwa ndani hana kalenda wala telefone.

Mtu mmoja akiuliza, ao watu makumi nne

Mama mmoja akienda peke yake ku parke, wanaweza kumwambia arudi kesho. Anarudi kesho, na siku ingine, mpaka anachoka ao anauza mbuzi juu ya kutoa kitu kidogo. Lakini familia makumi nne wakiwa na kaye moja, maneno yanabadilika. Ndani ya kaye wanaandika: jina la mahabusu, siku alikamatwa, nani alimukamata, kosa wanalosema, siku ya mwisho aliona jaji. Hapo inaonekana wazi ni nani amepita siku zake.

Liste hiyo inapelekwa kwa mkubwa wa parke na kwa presida wa mahakama, na kopi yenye muhuri wa kupokelewa inabaki kwa familia. Inapelekwa pia ku baro ya ma avoka, juu kila baro inapaswa kuwa na ofisi ya kusaidia bure wale hawana uwezo.

Kaye inafichua na makosa mengine. Kwa mfano, polisi wanakosa kijana, wanakamata baba yake. Kifungu cha 17 kinakataza: kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, hakuna kufungwa juu ya kosa la mwengine. Na falanga ya dhamana ambayo jaji anaweza kuomba mbele ya kumupa mtu uhuru wa muda inawekwa ku grefe, na risiti. Mtu akijibu kila mara anaitwa, mpaka mwisho, anarudishiwa. Falanga isiyo na risiti si dhamana.

Inawezekana kweli?

Tuangalie pahali pengine penye magereza yenye kujaa: Marekani. Kule Chicago, mwaka 2014, polisi waliua kijana mmoja, kisha wakakamata watu wa familia na marafiki waliokusanyika kumukumbuka. Wenzao walichanga dola kwa dola juu ya kulipa dhamana yao. Kutoka mchango ule, mwaka 2015 ikazaliwa sanduku la kulipia dhamana watu wengine wasio na uwezo. Kisha wakaungana na makanisa, ma avoka na vyama vingine, wakadai sheria yenyewe ibadilishwe. Tarehe 18 Septemba 2023, jimbo lao la Illinois likawa la kwanza Marekani kuondoa kabisa dhamana ya pesa. Ilianza na majirani waliokataa kungojea.

Na walioibiwa ao kuumizwa?

Wengine watasema: "Munataka wezi watoke?" Hapana. Kudai mtu ahukumiwe si kudai asamehewe. Dosie ikilala miaka miwili, mashahidi wanahama, ushahidi unapotea, na yule aliyeibiwa naye hapati haki yake. Anayechunga ng'ombe wa jirani anafungwa pamoja na muuaji, na hakuna anayejua nani ni nani.

Kama uko na ndugu ndani, anza leo: andika tarehe aliyokamatwa, hesabu siku, kisha kesho asubuhi ku mstari wa mlango wa gereza, uliza mama aliye mbele yako tarehe ya mtoto wake.