Presha ya tairi na presha ya mwili: Upepo wa kompresa si wa kuchezea

Na Daktari Wetu

UKISHUKA matatu mjini Keroka, uwe umetoka upande wa Kisii au upande wa Sotik, sauti utakayoisikia baada ya kelele za makanga ni ya kompresa. Iko nje ya kibanda cha fundi wa pancha, inatetemeka kando ya barabara, na mpira wake mrefu umelala kwenye vumbi kama nyoka aliyeshiba. Bodaboda hujazwa upepo hapo, lori la ndizi hujazwa hapo, na jioni vijana wa gereji hujipuliza nguo kwa mpira huo huo ili vumbi litoke kabla ya kwenda nyumbani.

Wengi hawaoni ubaya wowote katika jambo hili la mwisho. Hewa ni hewa, watasema, ndiyo hii hii tunayoivuta.

Neno presha nalisikia kila siku kazini. Mzee huingia, huketi, hukunja mkono wa shati na kusema, "Daktari, nipime presha." Nje, mita chache kutoka mlango wangu, kijana wa pikipiki humwambia fundi maneno yayo hayo. Neno ni moja lakini vipimo vimeachana mbali sana, na ningependa msomaji avione vikiwa pamoja.

Damu ya mtu mzima mwenye afya husukumwa kwa nguvu ya 120 katika kipimo chetu cha zebaki. Ukiigeuza iwe katika kipimo cha fundi wa pancha, yaani pauni kwa kila inchi mraba, unapata pauni 2 na ushei. Mgonjwa mwenye 180, ambaye simruhusu aende zake bila kumshughulikia, hajafika hata pauni 4. Sasa tazama upande wa pili. Tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 hadi 35. Tairi la lori hupita 100. Kompresa ya kando ya barabara aghalabu hufika 115 hivi kabla haijajizima. Mwili wako umeumbwa kuishi na pauni 2. Mpira ule unabeba zaidi ya mara hamsini ya hizo.

Ndiyo maana huko Marekani sheria ya kazi imeweka mpaka wa pauni 30 kwa hewa ya kusafishia mashine na meza za kazi, tena kwa masharti ya kujikinga. Kujipuliza mwilini ni jambo jingine kabisa, ambalo wakaguzi wa viwanda kote duniani hulikataza.

Hewa yenye nguvu hiyo haihitaji mlango mkubwa. Mkwaruzo kwenye kidole, kidonda cha jana kisichokauka, au hata ngozi nyembamba, hutosha. Ikishaingia chini ya ngozi hutambaa: mkono huvimba, shingo hunenepa, na ukiigusa ngozi unasikia mlio kama wa karatasi kavu inayofinywa. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, kiputo kinaweza kusafiri hadi moyoni au kwenye ubongo. Mwaka 2011, dereva mmoja wa lori huko New Zealand aliangukia chuma cha mpira wa hewa ya breki. Kikamchoma makalioni na hewa ikaanza kumjaza mwilini kama puto, hadi wenzake walipoifunga. Alipona. Magazeti mengi yaliichukua habari hiyo kama kichekesho, lakini yeye alilazwa hospitalini na mapafu yake yaliingia maji.

Macho na masikio sina haja ya kuyaeleza kwa kirefu. Hewa yenyewe inaweza kupasua ngoma ya sikio, na chembe ya chuma inayopeperushwa kutoka kwenye breki huingia kwenye mboni kama risasi. Miwani ya kazi ni ya bei nafuu kuliko jicho.

Mzaha unaoua

Kuna jambo ambalo gazeti la familia hulizungumza kwa uzito, lakini nimeona heri liandikwe. Ni ule mzaha wa gereji ambapo vijana humkamata mwenzao, kwa kawaida yule mgeni au mdogo kuliko wote, na kumpulizia mpira wa kompresa kwenye njia ya haja kubwa. Huwa wamecheka kabla hawajamaliza. Si mzaha wa Keroka peke yake wala wa Kenya peke yake. Madaktari wamekuwa wakiandika habari za majeruhi wake tangu 1904, na leo taarifa hutoka India, Uchina na kila mahali penye kompresa na vijana.

Utumbo mpana hupasuka kwa takriban pauni 4. Rudia kusoma hapo: pauni 4. Kompresa ina 115, na kazi yote huisha kwa sekunde moja au mbili. Suruali haizuii. Wala si lazima mpira uguse mwili, kwani hewa hupita kwenye nguo kama maji yanavyopita kwenye chujio.

Nilipata kumpokea kijana wa miaka 17, mwanagenzi wa gereji, aliyeletwa jioni na wenzake wawili kwa bodaboda, wote watatu wamebanana juu ya kiti kimoja. Wenzake walisema amekula chakula kibaya. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, anapumua kwa shida, na nilipomgusa juu ya kifua nikausikia ule mlio wa karatasi. Chakula kibaya hakifanyi hivyo. Niliwaomba wenzake watoke nje, nikafunga mlango, nikamwambia, "Mwanangu, mimi sina polisi humu ndani. Niambie tu kilichoingia." Alilia kwanza. Kisha akasema.

Ilikuwa imepita saa sita tangu apulizwe. Kwa saa zote hizo alikuwa amelala nyuma ya gereji, wenzake wakimpa soda ili atoe gesi. Nilimtuliza kwa dripu na dawa, gari la wagonjwa likamkimbiza hospitali ya rufaa ya Kisii, na usiku huo huo akapasuliwa. Utumbo ulikuwa umechanika pahali pawili na uchafu umemwagika tumboni. Alitoka hospitalini na mfuko ubavuni wa kupokea choo, na miezi kadhaa baadaye akafanyiwa upasuaji wa pili ili kuurudisha utumbo mahali pake. Yuko hai, anauza viazi. Wale wawili nao si wabaya. Mmoja alilipa nusu ya gharama kwa kuuza ng'ombe wa babake, na babake ndiye aliyemlazimisha.

Nalitoa kisa hiki kwa sababu aibu ndiyo inayoua zaidi kuliko tundu lenyewe. Utumbo uliopasuka ukishonwa mapema mgonjwa hupona. Ukikaa hadi kesho yake, sumu husambaa katika damu, na hapo hata daktari bingwa hubaki akiomba Mungu. Mwenye gereji anayesoma haya awaambie vijana wake waziwazi, wala asidhani wanajua.

Mtungi wenyewe

Fundi anayejua thamani ya shilingi hatanunua kompresa mpya ikiwa anaweza kuunda moja. Nimeona zilizoundwa kwa mashine ya friji kuukuu, mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia na mikanda iliyoshonwa upya. Naustahi ubunifu wa jua kali, tena sana. Lakini mtungi wa hewa una adui ambaye haonekani kwa nje, naye ni maji.

Hewa ikibanwa hutoa unyevu wake. Katika nyanda zetu hizi za mvua na ukungu, unyevu huo ni mwingi. Hujikusanya chini ya mtungi na kuula chuma kutoka ndani, huku nje rangi inang'aa. Chini ya kila mtungi kuna koki ndogo ya kumwagia maji hayo. Inapaswa kufunguliwa kila jioni. Ukiipata imeshikana kwa kutu, jua kwamba haijaguswa miezi mingi, na chuma kilichobaki hapo huenda ni chembamba kama kopo la maziwa.

Juu ya mtungi kuna vali ya usalama, inayofyatuka presha inapozidi. Mafundi wengine huona inawapotezea upepo, basi huiondoa na kuziba tundu kwa bolti. Kwa hesabu ya makadirio, mtungi wa lita 100 uliojaa hewa ya pauni 115 ukipasuka huachilia nguvu sawa na gari la tani moja linaloanguka kutoka urefu wa mita 10. Bolti ile ndiyo risasi ya kwanza.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inautaka mtungi wa hewa uwe na vali ya usalama na geji ya presha, uandikwe kiwango chake cha presha salama, na ukaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Mpaka wa Kisii na Nyamira unapita papa hapa Keroka, na wafanyabiashara wetu wamezoea kuuliza wa kaunti ipi ndiye wa kumsikiliza. Katika hili hakuna swali hilo, maana sheria ni ya taifa zima.

Tairi la lori nalo ni mtungi. Rimu za zamani zenye pete ya chuma ya kufungia zimeua mafundi wengi duniani, pete inaporuka kabla haijakaa sawasawa. Upana wa duara la inchi 20 ukisukumwa na pauni 100 kwa kila inchi hubeba jumla ya zaidi ya tani 14. Jaza ukiwa umesimama kando, kamwe si mbele ya rimu, na tairi likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Usichome rimu kwa moto tairi likiwa bado juu yake, hata kama umelitoa upepo.

Mashine ndogo ya nyumbani

Mzee mmoja, mgonjwa wangu wa presha ile nyingine, alinijia na swali jipya. Kijana wake amerudi kutoka Ghuba na kimashine kidogo kinachotumia umeme wa betri ya gari. Anataka kujazia mitungi ya bunduki za peintiboli, ule mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi ulioanza Marekani mwaka 1981, ili awachezeshe vijana kwa ada. "Daktari, kidude chenyewe ni kidogo kuliko sufuria ya ugali. Kina ubaya gani?"

Nilimwomba alete karatasi za mashine. Imeandikwa pauni 4,500. Hiyo ni karibu mara arobaini ya kompresa ya barabarani. Udogo wake ndio unaodanganya.

Nilimwambia hivi. Mitungi hiyo ina tarehe ya kupimwa iliyopigwa kwenye chuma au kwenye lebo. Kwa kanuni za Marekani mingi hurudiwa kupimwa kila miaka 5, na mingi ya nyuzi za kaboni hutupwa ikitimiza miaka 15. Mtungi wa mtumba usio na tarehe usijazwe. Mafuta au grisi isiguse viungio, kwani hewa ikibanwa ghafla hivyo huwa moto kiasi cha kuwasha mafuta. Mpira uliokatika hupiga kama mjeledi, basi asikae mtu kando yake, na watoto wasiwemo chumbani. Asiikaze wala kuilegeza vali yenyewe kwa spana. Mwaka 2004 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu wawili kufa, vali zilipofunguka na mitungi ya peintiboli kuruka kama roketi. Ile ilikuwa ya gesi ya kaboni, yenye presha ndogo kuliko hii. Na mchezoni, kinyago cha macho kisivuliwe hata kwa dakika ya kujipangusa jasho.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kijana anaweza pia kuwajazia watu wa kupiga mbizi hewa ya kuvuta. Hapana, hata kidogo. Mashine isiyotengenezwa kwa hewa ya kupumua hutia ndani mvuke wa mafuta, na ikiwa na injini ya petroli karibu, huvuta moshi wenye kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hushikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, haina harufu, na mzamiaji hulala usingizi chini ya maji.

Ukipatwa

Aliyeingiwa na hewa mwilini asipewe chakula, soda wala chai, asikandwe tumbo, wala asitiwe dawa ya kuendesha. Apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji.

Mafundi wa dizeli wanaojaribu nozeli kwa kidole, na wapiga rangi wa bomba za nguvu, nawaomba waangalie tundu dogo kama la sindano lisiloumiza sana. Rangi au dizeli ikishaingia kwenye kidole huua nyama kimyakimya, na usiku kidole hubadilika rangi. Usingoje usiku huo. Nenda saa ile ile, mwambie daktari ni kitu gani kilichoingia, kwa presha kiasi gani na saa ngapi, na akikuambia kwamba ni mkwaruzo tu, mwombe kwa heshima akutafutie wa upasuaji akuone.