Msimu wa theluji: kazi kwanza, skii baadaye
Kila Desemba, wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka Peru na Argentina huenda Colorado, Marekani, kufanya kazi katika miji ya skii kama Vail na Breckenridge. Kwao ni likizo ndefu ya kiangazi; huko ni msimu wa theluji. Viza ya J-1 huwapa miezi isiyozidi 4.

Kazi ni kutandika vitanda, kuosha vyombo na kupandisha watalii kwenye lifti za mlimani. Waajiri wengi huwapa pasi ya kuteleza bure, na hapo ndipo kijana husahau hesabu. Kodi ya chumba mara nyingi hukatwa kwenye mshahara, na nauli huenda ni mkopo wa wazazi.

Mzazi, kabla mwanao hajatia saini, someni pamoja mkataba: saa za kazi, kodi na bima. Mguu ukivunjika mteremkoni, mshahara husimama, deni halisimami.