Leicester: Jiji la ugenini linalonukia nyumbani

MHINDI anayehamia jiji la Leicester nchini Uingereza hufika akiwa amejiandaa kwa ugeni. Ameonywa kuhusu baridi, chakula kisicho na viungo na majirani wasiojuana majina. Lakini akishika njia ya barabara ya Belgrave, kaskazini mashariki mwa katikati ya jiji, hukutana na asichokitarajia: maduka ya sari, masonara wa dhahabu, harufu ya bhajia na mabango ya Kigujarati. Kando ya barabara hiyo imesimama sanamu ya Mahatma Gandhi iliyozinduliwa mwaka 2009.

Mshangao wa pili humpata akiisikia lugha. Wazee wa mtaa huo huzungumza Kigujarati fasaha, ila huita chungu cha kupikia sufuria, ufagio huuita fagio na njugu huziita jugu. Mikahawani kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili, nayo huitwa mogo. Kijana aliyelelewa Ahmedabad hayajui maneno hayo. Mkenya angeyatambua mara moja, kwa kuwa chimbuko lake ni Kiswahili.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Uhindi anaouona mgeni huyo katika jiji hilo, lililo umbali wa takriban kilomita 160 kaskazini mwa London, haukutoka India moja kwa moja. Sehemu kubwa yake ilipitia Nairobi, Kisumu, Kampala na Jinja.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, watu wengi wenye asili ya Kihindi walioishi Kenya wakiwa na pasipoti za Uingereza walianza kuondoka, baada ya sheria za mwaka 1967 kuwabana katika kazi na biashara. Uingereza nayo ilipitisha sheria Machi 1968 ya kupunguza idadi yao. Kisha, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wamekwisha kuondoka. Zaidi ya 27,000 kati yao walipokewa Uingereza.

Baraza la jiji la Leicester halikuwataka. Septemba mwaka huo lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwashauri wasije, kwa madai kwamba nyumba na shule zilikuwa zimejaa. Wengi walikwenda vivyo hivyo, kwa kuwa tayari walikuwa na jamaa huko na viwanda vya soksi na fulana vilihitaji wafanyakazi. Baadhi yao walikuja kusema kuwa tangazo lenyewe ndilo lililowajulisha kwamba kuna jiji liitwalo Leicester.

Maisha hayakuwa mteremko. Mwaka 1974, wafanyakazi wenye asili ya Kiasia katika kiwanda cha taipureta cha Imperial waligoma wakilalamikia ubaguzi katika malipo, ilhali viongozi wa chama cha wafanyakazi wa eneo hilo walikataa kuwaunga mkono. Hata hivyo, jamii hiyo ilisimama. Mwaka 1988 hekalu la Wajaini lilifunguliwa katika jengo lililokuwa kanisa. Sherehe za Diwali katika barabara ya Belgrave huhesabiwa miongoni mwa kubwa zaidi nje ya India. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa asilimia 43.4 ya wakazi 368,600 wa Leicester walijitambulisha kuwa wa asili ya Kiasia, huku Wazungu wakiwa asilimia 40.9.

Mgeni anayekuja sasa, aghalabu akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mhandisi wa kompyuta au muuguzi, huikuta meza imekwisha kuandaliwa. Kwa nini basi wengi hukiri kwamba miezi ya kwanza ni migumu kuliko walivyodhani?

Ukimya na giza

Jambo la kwanza ni ukimya. Nchini India honi ni sehemu ya lugha ya barabarani, na malori mengi yana maandishi nyuma yanayowaomba madereva wengine wapige honi. Uingereza, sheria inakataza kupiga honi katika maeneo ya makazi kuanzia saa tano na nusu usiku hadi saa moja asubuhi, na hata mchana honi huchukuliwa kuwa karipio. Magari hupita upande wa kushoto kama ilivyo India na Kenya, lakini dereva husimama pindi mtu akanyagapo kivuko cha waenda kwa miguu. Mgeni husita, akidhani kuna jambo lililoharibika, hadi dereva amwashirie apite.

Ukimya huo huo hutawala ndani ya basi. Watu hupanga foleni pasipo kuambiwa, hukaa bila kuzungumza, kisha wakishuka kila mmoja humshukuru dereva. Wenyeji huulizana hali wakipishana, lakini anayeuliza hasubiri jibu. Mhindi aliyezoea kuulizwa habari za wazazi, kazi na ndoa ndani ya dakika tano za kujuana na mtu hujiuliza iwapo amewakosea. Humchukua muda kuelewa kwamba kwa wenyeji kutomhoji mtu ni namna ya kumstahi.

Pili ni giza. Mwezi wa Desemba jua hutua Leicester kabla ya saa kumi jioni, ilhali mwezi wa Juni huchelewa hadi saa tatu na nusu usiku. Fauka ya hayo, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kusogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. India haibadilishi saa zake. Kwa hivyo, anayetoka kazini wakati wa baridi na kushika simu saa mbili usiku hukuta kwao imetimia saa saba na nusu usiku, mama amelala zamani. Mazungumzo husubiri Jumamosi.

Kazi za mikono na karatasi

Nyumbani nako kuna somo. Familia nyingi za kipato cha wastani katika miji ya India huwa na mtu wa kufagia, pengine wa kupika, na fundi wa kupiga pasi hupita mlangoni. Leicester kijana hufanya yote hayo mwenyewe. Hujifunza siku ya kutoa mapipa ya taka na ni taka gani huingia katika lipi. Akikaanga bizari na vitunguu bila kufungua dirisha, king'ora cha moshi hulia na kuwaamsha wenzake wote. Wengi husema kuwa hapo ndipo walipotambua thamani ya kazi ya watu waliokuwa wakiwahudumia kwao, na ujira mdogo waliokuwa wakiwalipa.

Karatasi nazo hazina mwisho. Kuna kodi ya baraza la jiji, ambayo wanafunzi wa muda wote wamesamehewa na anayeishi peke yake hupunguziwa kwa asilimia 25. Kuna leseni ya kutazama televisheni. Kuna pia kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, ambaye humwona mgonjwa bila malipo. Hata hivyo, mgeni huwa amekwisha kuilipia huduma hiyo kabla ya kupanda ndege: tangu Februari 2024 ada ya afya inayoambatana na viza ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi, na pauni 776 kwa wanafunzi.

Jambo moja huwashangaza wengi. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali, Wahindi na Wakenya wakiwemo, wanaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura hata katika uchaguzi wa wabunge. Mtu ambaye viza yake inahesabiwa kwa miezi anaweza kuchagua serikali itakayoamua hatima ya viza hiyo.

Kwenda au kubaki

Hapa ndipo palipo tofauti kubwa kati ya mgeni huyo na wazee wa Belgrave. Waliofukuzwa Uganda walifika na masanduku machache, lakini walikuwa na haki ya kubaki na hawakuwa na pa kurudi. Hilo liliwalazimu kuotesha mizizi. Kijana wa leo ana kwao. Aghalabu wazazi wamechukua mkopo ili asome, na kalenda inamwandama. Viza ya kufanya kazi baada ya masomo imekuwa ya miaka miwili kwa wengi, lakini watakaoiomba kuanzia Januari 1, 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wenye shahada za uzamifu. Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi hawaruhusiwi kuja na wake, waume au watoto wao. Ni vigumu kununua hata kabati la nguo mtu akiwa katika hali hiyo.

Aidha, kufanana kwa sura na chakula hakumaanishi umoja. Septemba 2022, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walikabiliana katika mitaa ya mashariki mwa Leicester na polisi wakawakamata makumi ya watu. Baadhi ya lawama ziliwaangukia wahamiaji wa karibuni, ingawa chanzo kilizua ubishi mkubwa. Jiji lililosifiwa kwa miaka mingi kwa utangamano lilikumbushwa kuwa utangamano hutunzwa kila siku.

Ndiyo maana Leicester humchanganya Mhindi mgeni. Jioni moja hula mogo akizungukwa na watu wanaofanana na shangazi zake, kisha hutoka nje kwenye barabara tulivu, anga ikiwa imekwisha kuwa nyeusi. Barabara hiyo inamwonyesha kuwa mtu aweza kuambiwa asije, akaja, akajenga. Lakini waliojenga walipewa muda, naye muda ndio asiokuwa nao.