Tundu la Pini Katika Pakiti ya Dawa

Usiku mmoja wa masika, mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisani alibisha hodi kwangu. Mgongoni alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliyeharisha tangu mchana hata macho yakaanza kuingia ndani. Mkononi alishika pakiti ya ORS. Tulipoifungua, badala ya unga mweupe tulikuta donge gumu la rangi ya kahawia.

"Lakini nesi, tarehe yake haijapita!" alisema huku akitetemeka.

Ni kweli, tarehe ilikuwa bado. Ila pembeni mwa pakiti kulikuwa na matundu mawili madogo. Ili isipotee, mama huyu alikuwa ameibana kwa pini ya stepla kwenye kadi ya kliniki. Kwa miezi kadhaa unyevu ulikuwa ukiingia kidogo kidogo.

Kwa bahati nilikuwa na pakiti nyingine. Tuliikoroga katika lita moja ya maji safi, mtoto akanyweshwa kijiko baada ya kijiko huku tukimkimbiza zahanati. Alipona.

Akina mama wenzangu, pakiti tunaiona kama takataka ya kutupa. Kumbe ni sehemu ya dawa yenyewe.

Kiwandani hupimaje?

Njia mojawapo inafanana na ile ya fundi baiskeli anayetafuta pancha kwenye beseni. Pakiti huzamishwa majini ndani ya chombo kilichofungwa, kisha hewa iliyo juu ya maji huvutwa nje. Pakiti huvimba, na penye tundu hutoka mapovu.

Njia nyingine hutumia maji ya rangi ya buluu. Vidonge vikiwa bado ndani ya vifungashio vyake huzamishwa, hewa huvutwa, kisha huachiwa irudi. Ikirudi, husukuma rangi ndani ya kila tundu. Baada ya kufuta nje, wapimaji hufungua na kutafuta alama ya buluu. Pakiti zilizopimwa hivi haziuzwi, kwa hiyo huchukuliwa chache tu kutoka kila toleo.

Zipo pia mashine zisizoharibu dawa. Pakiti huwekwa kwenye kijumba kisichopitisha hewa, hewa huvutwa, kisha mashine hupima kama kuna nyingine inayovuja kutoka ndani ya pakiti. Vichupa vya kioo vya dawa ya sindano huweza kupimwa kwa umeme wa nguvu: penye ufa, umeme hupita kwa urahisi zaidi.

Zamu yetu nyumbani

Usijaribu vipimo hivyo jikoni, maana maji yataharibu dawa. Wewe tumia macho na mikono:

1. Kabla ya kuondoka duka la dawa, tazama kama pakiti imetoboka, imechanika au imeachia pembeni. Chupa ya dawa ya maji isiwe imekwisha kufunguliwa.

2. Usitoboe pakiti kwa pini wala sindano. Usitoe vidonge vyote na kuvimimina kwenye kopo. Toa kimoja wakati wa kukinywa.

3. Ukikuta kifuko kidogo cha kunyonya unyevu ndani ya chupa ya vidonge, kiache humo. Hakiliwi, watoto wasikichezee.

4. Weka dawa mahali pakavu, mbali na jiko na bafu, juu watoto wasikofika.

5. Vidonge vikishikamana, vikimomonyoka au vikibadilika rangi, usivitumie. Mwonyeshe mfamasia. ORS iliyogeuka kahawia au isiyoyeyuka, usimpe mtoto.

Kumbuka, tarehe iliyoandikwa ni ya dawa ambayo pakiti yake ni nzima na imetunzwa vizuri. Ikishatobolewa, tarehe hiyo haikuhakikishii kitu.

Mama yule sasa huweka ORS kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Kadi ya kliniki iko pembeni yake, na pini za stepla amewaachia watoto wa shule.