Jumamosi Saa Kumi na Nusu, Dortmund

Kwa base yetu huku Umo kuna TV ndogo imefungiwa kwa chuma ya dirisha. Wasee wengi hukuja kucheki mechi za Uingereza, na sina noma nao. Lakini mimi nilidata siku niliona ule ukuta wa njano wa Dortmund, watu karibu 25,000 wamesimama upande mmoja, wanaimba hata kabla mpira uguswe. Uwanja mzima unabeba 81,365. Hiyo jioni nikaambia beshte yangu, manze, huko lazima tuishie.

Sasa tunapanga safari ya Aprili, na wacha nikuchanue kwanza kuhusu ratiba, juu hapo ndio wengi huchomeka. Ikitoka katikati ya mwaka, inakupea wikendi peke yake. Kama mechi ni Ijumaa usiku, Jumamosi ama Jumapili, utajua baadaye, wiki kadhaa kabla icheze. Ukikata tiketi ya ndege ya kurudi Jumapili asubuhi, unaweza jipata uko angani timu yako ikiingia uwanjani. Sisi tumeset kufika Alhamisi na kutoka Jumanne. Ombi letu ni ile ya Jumamosi saa tisa na nusu ya huko, saa kumi na nusu ya huku.

Tiketi nayo ni vita. Pale kwa ukuta, nafasi nyingi ziko na wasee wamelipia msimu mzima. Kwa hivyo tumejiunga uanachama wa klabu, juu wanachama huuziwa kabla ya watu wengine. Na si kadi ya urembo. Tangu 1998 Wajerumani wako na sheria ya 50+1, wanachama wa klabu wanabaki na kura nyingi hata tajiri akileta mkwanja wake. Kuna wachache waliruhusiwa kukaa nje ya hiyo sheria, kama Leverkusen na Wolfsburg. Mimi naamini hiyo ndio imefanya sehemu za kusimama zidumu, na bei yake ibaki chini, mtu wa mboka ya kawaida aingie. Tukikosa ukuta, tutachukua viti vya upande wa kaskazini, tuucheki uso kwa uso.

Viza ni ya Schengen, euro 90. Unaweza omba miezi sita kabla ya safari, na usingoje, juu kupata siku ya kupeleka makaratasi huchukua muda. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Halafu ubalozi unataka kuona doh imekaa kwa akaunti pole pole, si mzigo umetupwa huko wiki moja kabla. Ndio maana tangu mwaka jana naweka thao mbili kila Ijumaa, hata ile wiki kinyozi yangu ililala bila stima na nikanyoa vichwa vinne pekee. Naandika kwa daftari ya kurasa 96, na mathe huipitia Jumapili akitoka kanisa. Aliniuliza swali moja tu, kama nitarudi. Hilo ndilo swali la ubalozi pia, so nimeweka leseni ya kinyozi na risiti za rent kwa faili moja.

Ukishafika, mambo ya mat sahau. Tiketi nyingi za Bundesliga huko zinakubeba kwa treni za hapo karibu siku ya mechi. Dishi ni soseji ndani ya mkate. Ukinunua kinywaji, kikombe unakiwekea pesa kidogo, ukirudisha unarudishiwa, so usikitupe. Na beba jaketi, Aprili ya huko inauma ikifika jioni.

Jezi yangu iko nyuma ya mlango. Ilikuwa imeraruka kwapa, mathe akaishona na uzi mweusi, juu njano ya kufanana alikosa. Nitaivaa hivyo hivyo.